Mwaridi Uliolazwa Kama Mbuni

Upepo ukitokea Rubona ulituletea harufu ya shayiri iliyochemka kutoka kiwanda cha bia, ikachanganyika na ya udongo mweusi uliolowa. Ndiyo harufu ya masika yale nilipokuwa msichana mdogo hapa Gisenyi. Nikikosea mengine, hilo sikosei. Kwenye ukuta wetu wa mawe ya volkano palikuwa na mwaridi wa kutambaa. Mama alileta kitawi chake ndani ya kopo, yeye na Baba waliporudi kutoka Karagwe, Tanzania. Kitu cha marehemu bibi kilichobaki kilikuwa hicho tu. Ulipanda juu mwembamba kama fimbo, majani yenye madoa, bila ua hata moja. Baba hakuwa mkatili, niseme haki; tulikuwa wengi na ukuta ni mmoja. Alisema mvua zikiisha bila ua, ataung'oa apande marakuja, yaani pesheni, tule.

Mama alichukua kisu. Alikata matawi yaliyokufa, akachoma majani mabovu, kisha akafanya kama walivyofanyia mibuni mizee ya kahawa kule Karagwe: akayapinda matawi marefu taratibu mpaka yakalala, akayafunga ukutani kwa kamba za mgomba. Mbuni ukilazwa, alisema, huchipua mgongo mzima. Mimi nilishika kamba, miiba ikinichoma, na moyoni niliamini anauua.

Mama Furaha, jirani yetu muuza samaki, alichungulia juu ya ukuta akacheka mpaka akakohoa. "Eh, Mama Neema! Hii maua ilikosa nini? Unaifunga kamba kama mbuzi?"

"Samaki mkunje angali mbichi, dada," Mama akajibu.

"Mi ndiye nauza samaki! Hii iko imekauka kama dagaa ya sambaza ku mukeka. Kunja tu, itavunjika!"

Na kweli tawi moja lilivunjika. Hapo Mama Furaha alisema sawa. Mvua zikaanza kupungua. Baba akaleta miche ya marakuja, akaipanga mlangoni, na Mama akawa anaizunguka bila kuitazama. Ndipo macho mekundu yakatokea kwenye matawi yaliyolala, yakawa vichipukizi, vikawa vitumba, na Jumapili moja tukitoka kanisani tukaukuta ukuta umewaka wote, mwekundu toka pembe hadi pembe. Baba alisimama langoni, akasahau kuingia. "Basi," akasema mwishowe, "marakuja yatafute ukuta mwingine." Mama alicheka huku machozi yakimtoka. Mama Furaha naye akapaza sauti: "Mama Neema, mi naomba tawi! Na kamba yake!"

Sijui kama ni kamba au ni mvua. Sipendi kuinyima mvua haki yake. Leo nina nyumba yangu Rugerero, na kukiwa na harusi waridi nazinunua mjini, ndefu, zimenyooka. Ni nzuri kuliko zetu, sipingi. Zetu zilikuwa ndogo na zilipukutika upesi. Lakini hizi huja zimekwisha kuchanua. Zile tulizipigania, na tukashinda.