Mrehani wa Mama Katika Kopo la Shela

Kopo lenyewe lilikuwa zuri, siwezi kulinyima haki yake. Lilikuwa la bati jeusi lisilong'aa, na kifuniko chake kilifunguka kwa sauti ndogo ya adabu, kama mtu anayekohoa mlangoni kabla ya kupiga hodi. Juu yake palichorwa jani na mwezi mwandamo, na chini ya mwezi maneno ya Kiingereza yaliyoahidi kutuliza neva, kufukuza mawazo na kuleta usingizi. Binamu yangu aliliweka mbele ya mama kwa mikono miwili, kama anayekabidhi mtoto mchanga.

"Hii ni ya kukutuliza, mkaza mjomba," alisema. "Mwili wako umeshikilia huzuni. Lazima uachilie."

"Niachilie nini, mwanangu?" mama aliuliza. "Mimi nimeachwa tayari."

Mama alikuwa edani. Baba alikuwa ametutoka, na mama alikaa ndani ya nyumba yetu ya Mkomani, mjini Lamu, kama inavyompasa mjane: bila wanja, bila hina, bila udi wala manukato, akingoja siku zake ziishe. Hayo yote aliyabeba bila kulalamika. Kilichomshinda ni usingizi. Kila asubuhi nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, macho mekundu, kanga imebanwa kifuani kwa ngumi, kama mtu anayengoja kuitwa jina. Mikono ilianza kumtetemeka. Alisahau chumvi, kisha akasahau kula. Nilikuwa nimerudi kutoka Nairobi kumtunza, na nilianza kuogopa kwamba nitawazika wawili kwa mwaka mmoja.

Kwa hiyo sikumfukuza binamu mlangoni, ingawa ulimi uliniwasha.

Aina yake naijua. Waandishi wenzangu kule Nairobi hawaandiki sentensi kabla ya kupiga picha kikombe cha majani makavu yanayoelea, na chini ya picha wataandika kwamba wanajitunza. Wanajitunza mno, hadi vitabu vyao hufa kwa kutotunzwa. Binamu alikuwa amelichukua tawi hilo la ujinga na kulifanya kazi. Aliajiriwa katika kijiji cha Shela, kwenye nyumba ambako wageni hulala juu ya mikeka wakafundishwa kupumua, jambo ambalo paka wa Mkomani hulifanya mchana kutwa bila mwalimu. Baada ya kupumua huuziwa majani. Alizoea kusema "mfumo wa neva" kama wazee wanavyosema "inshallah", yaani kila aliposhindwa kuendelea na maneno.

Na majani hayo ni yapi? Mchaichai. Rehani. Asumini iliyokaushwa. Ukiyataja kwa Kiswahili huwezi kuyauza.

Sina ugomvi na majani. Nimelelewa nayo. Mtoto aliyeota ndoto mbaya alipewa maji ya mchaichai, bibi arusi aliyetapika kwa hofu alinusishwa rehani, na asumini iliwekwa chini ya mto wa mtu aliyegombana na mkewe, ili alau ndoto zake zisigombane. Hakuna aliyeyatungia hotuba. Mtu alipanda ngazi, akachuma, akashuka.

Bustani ya mama ilikuwa darini, juu ya paa la wazi. Mimea aliipanda ndani ya madebe ya samli yaliyotobolewa chini, na kila siku baada ya swala ya alasiri alipanda na mtungi kuyamwagia maji. Mkubwa wa mimea hiyo ulikuwa mrehani aliourithi kwa mama yake, wenye shina la zambarau na harufu yenye ukali wa karafuu. Kila msimu alichagua shina moja la mbegu na kulifunga uzi mweusi. Shina lenye uzi halikatwi. Sisi watoto tulivunja vikombe, tuliiba tende, tulimpanda punda wa jirani, lakini uzi ule hatukuugusa.

Kisha baba alifariki, na shangazi akapanda darini.

Shangazi, dada yake baba, ndiye mama wa binamu huyu wa makopo. Katika siku za mwanzo za msiba, katika nyumba zetu, dada wa maiti ni serikali. Aliyatazama yale madebe kana kwamba amewakuta wanaume wageni.

"Mke wa ndugu yangu hakai eda bustanini," alisema. "Mwenye eda hanukii. Watu watasemaje?"

Aliita wachukuzi, wakayateremsha madebe yote, hata mchaichai, ambao haunukii mpaka uusugue. Akahakikisha ngazi zimeoshwa. Nilitamani kumuuliza kama atauziba na msikiti wa jirani, maana nao hufukizwa udi kila Ijumaa. Mama alisema tu, "Sawa, wifi." Mtu aliyefiwa hana nguvu ya kupigania debe. Nilipouliza yamepelekwa wapi, shangazi alijibu kwamba yako mahali pa amani.

Usingizi wa mama ulikatika wiki ile ile. Hakuna aliyeyaunganisha hayo mawili, hata mimi ninayejidai kuona watu.

Basi siku ya kopo tulikuwa wanne chumbani. Shangazi alikuja kumsindikiza bintiye, akiwa amejaa fahari hadi buibui limembana. Binamu aliwasha jiko dogo la gesi, akateleka birika, akamwambia mama alale chali, aweke mkono tumboni, ahesabu pumzi.

"Nikishahesabu nimpe nani?" mama aliuliza.

"Usimpe mtu, mkaza mjomba. Ziache zipite."

"Mjomba wako alizihesabu, zikapita."

Nilicheka. Shangazi alinitupia jicho. Nikamuuliza kwa upole wa uongo kama majani yenye harufu yanafaa kwa mtu aliye edani, maana nakumbuka yalikuwa haramu hata kukaa darini.

"Yale yalikuwa maua," shangazi alijibu. "Hii ni chai. Chai ni dawa."

"Na tofauti ni nini?"

"Tofauti ni kopo!" alifoka, na sijapata kusikia ukweli mkubwa hivyo kutoka kinywani mwake.

Birika lilianza kuimba. Binamu alitaka kumimina kopo zima, maana alisema huzuni ya mjane inahitaji kipimo kizito. Aliondoa kifuniko na kumsogezea mama, amwoneshe ubora wa majani. Mama hakuinama kunusa; alikuwa na eda yake. Aliingiza vidole viwili tu, akayasugua majani, na vidole vikasimama. Kisha akavuta polepole kutoka ndani, kama anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto.

Ulikuwa uzi mweusi. Fundo lake bado limekaza kwenye kipande cha shina la zambarau.

Birika peke yake ndilo lililoendelea kupayuka.

"Mrehani huu ni wangu," mama alisema.

Binamu alimtazama mama yake. Shangazi alitazama dari, pale pale palipokuwa na madebe upande wa pili.

"Ungekauka bure, wifi," alisema. "Nikampa mtoto autumie. Kwani kuna ubaya?"

"Na uzi?"

"Nilidhani ni takataka," binamu alisema kwa sauti ndogo. "Nilikata yote."

Yote. Alikata kile ambacho mtoto wa miaka minne wa Mkomani hakati, akakikausha, akakipa mwezi na jani na jina la kigeni, akaja nacho kwa mashua kumrudishia mwenyewe kama zawadi. Nimesoma hadithi nyingi za wizi. Sijasoma mwizi aliyerudi kumfundisha mwenye mali kupumua.

Mkono wa binamu ulikuwa tayari umenyanyua birika.

"Weka tini hilo birika, mwanangu," mama alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa ile ya zamani, ya mwenye nyumba. "Mai ya moto yataua mbegu."

Akaniambia nilete siniya. Akamimina kopo lote, akakaa kitako sakafuni, akaanza kuchambua. Alisugua vishada vikavu kati ya viganja, akapuliza makapi, na mbegu nyeusi, ndogo kama nukta, zikabaki. Nilimtazama mikono. Haikutetemeka.

"Wifi," shangazi alijaribu, "eda yako..."

"Nimekatazwa kujipamba, wifi. Sikukatazwa kupanda." Hakuinua macho. "Siku ile sikuwa na nguvu ya kukwambia. Leo nnayo. Madebe yangu yarudi."

Hapo binamu alichangamka ghafla. "Ndiyo hasa, mkaza mjomba! Kugusa udongo kunatuliza neva. Sisi Shela tuna darasa lake!"

Mama alimwangalia, si kwa hasira, bali kama mtu anavyomwangalia mbuzi aliyepanda juu ya kisima.

Madebe yalirudi kabla ya magharibi, na shangazi mwenyewe alitangulia mbele ya wachukuzi akiwahimiza, kana kwamba wazo lilikuwa lake. Siku hizi huwaambia majirani kwamba ni yeye aliyemponya wifi yake. Kwenye ukuta wa ile nyumba ya Shela, nimesikia, pana bango jipya linalosimulia mjane wa Lamu na mmea wake mtakatifu. Wageni hulisoma wakafuta machozi, kisha wakanunua kopo.

Mbegu ziliota zikiwa nyembamba kama nywele. Alasiri moja nilipanda darini kumtafuta mama kwa chai, nikamkuta kivulini, mgongo ukutani, mtungi mtupu mapajani, mdomo wazi kidogo. Alikuwa anakoroma. Nilikaa kwenye ngazi na kuwazuia watoto wa jirani wasipige kelele, nikawa serikali mimi sasa.

Alipoamka nilimuuliza, kwa sauti ya binamu, kama ameachilia.

"Toka hapa," alisema akijifuta mate na kufikicha macho. "Nimelala kwa mato yangu, kama watu."