Masanduku Mawili ya Kwenda Kisiwani

Jumamosi, tarehe 8 Februari. Nilikuwa nimeketi sakafuni chumbani mwangu, nikisokomeza soksi ndani ya viatu. Nje, theluji ya wiki iliyotangulia ilikuwa imegeuka barafu, nami sikuwa nikifikiria lolote. Siku tatu baadaye mimi na binti yangu tungepanda ndege kutoka Minneapolis kwenda kisiwa kimoja cha Karibi, likizo ya siku sita ambayo aliipanga yeye, na kazi yangu pekee ilikuwa kufunga mizigo.

Alikuwa ameniandikia orodha. Binti yangu hufanya kazi katika ofisi moja ya kitongoji cha Eden Prairie na haamini jambo lisiloandikwa. Nguo mbili za kuogelea, ili moja ikauke nyingine ikivaliwa. Magauni mepesi ya pamba au kitani, yasiyobana. Shati la mikono mirefu kwa ajili ya mbu wa jioni na mabega yatakayokuwa yameungua. Kofia pana. Ndara za mchangani, na viatu vya wazi vya kuvaa wakati wa chakula cha jioni. Losheni ya kuzuia jua, na pembeni yake: hata wewe, Mum. Vyote viingie katika begi moja dogo la mkononi. Chini kabisa alikuwa amepigia mstari maneno haya: koti la baridi liachwe garini.

Nilimpigia simu kumuuliza ningetokaje garini hadi ndani ya uwanja wa ndege bila koti.

“Utakimbia,” alisema.

“Nikimbie, na umri huu?”

“Kila mtu wa hapa hukimbia. Ni dakika mbili. Ukifa nitakufunika kwa taulo la baharini.”

Orodha ilikuwa wazi. Sikuifuata, wala haikuwa kwa ukaidi. Katika miaka ishirini na miwili niliyokaa huku Marekani, nchi ya joto kwangu imekuwa moja tu, nayo ni nyumbani, katika milima ya Taita. Sijawahi kufunga mzigo wa kwenda kwenye joto ambao haukuwa wa kwenda huko. Mikono yangu inaujua utaratibu bila mimi: masanduku mawili makubwa, kilo ishirini na tatu kila moja, unalikumbatia sanduku juu ya mizani ya bafuni, kisha unatoa uzito wako. Karibu na mlango wangu, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Wakenya ninazozijua hapa Maplewood, kuna kabati la vitu vya nyumbani. Hujazwa mwaka mzima, kidogo kidogo: vitamini, mafuta ya kujipaka, miwani ya kusomea, soksi za sufu kwa sababu Taita hupiga baridi jioni, peremende za watoto ambao majina yao huniponyoka. Siku ya kusafiri ikikaribia, kabati hufunguliwa na vyote huhamia sandukuni. Asubuhi hiyo nilikuwa nimelifungua. Vyote vilikuwa vimehamia.

Viatu nilivyokuwa nikisokomeza soksi vilikuwa vyeusi, vipana, vya ngozi laini. Nilivinunua Agosti kwa ajili ya mama yangu, ambaye miguu yake ilikuwa ikivimba. Mama alifariki Oktoba.

Sikwenda kumzika. Nilimwambia dada yangu mkubwa kwamba hospitali ninakofanya kazi, katika maabara, ilininyima ruhusa. Haikuninyima. Sikuomba. Nilikuwa na siku nyingi za likizo kiasi kwamba msimamizi wetu alinionya zingepotea, na ni hizo hizo binti yangu alizoziona akaamua kunipeleka baharini. Siku ile habari ilipofika nilikwenda kazini nikapima damu za watu hadi zamu ikaisha, na hakuna aliyegundua chochote kwa sababu hakukuwa na chochote cha kugundua. Kwetu mtoto wa marehemu hutazamwa. Watu husimama kando ya kaburi na kumtazama, na baadaye huzungumza. Niliogopa kusimama pale na macho makavu.

Simu ya video ililia nikiwa bado na kiatu mkononi. Alikuwa dada yangu. Nilipokea kabla ya kufikiri.

“Mbona umekaa chini kama mtu aliyeibiwa?” akauliza.

“Napanga vitu.”

“Vitu gani? Hebu sogeza simu. Ngoja. Ngoja kwanza. Hayo ni masanduku?” Uso wake ulijaa kioo chote. “Mawili! Wewe msichana, ulitaka kutuingilia hapa kama mkaguzi wa shule? Bila kusema?”

Ningeweza kumjibu kwa sentensi moja.

“Tarehe bado,” nilisema.

“Tarehe itapatikana. Sasa nisikilize. Usilete tena zile vitamini za kunuka samaki. Shemeji yako alimpa mbwa, na mbwa akazikataa.” Alicheka, kisha akafuta uso kwa kiganja. “Tutakwenda pamoja kaburini, mdogo wangu. Nisikufiche, nilikuwa nimeacha kukungojea.”

Alikata simu ili akawaambie wengine.

Binti yangu alifika adhuhuri, akaleta begi lake dogo ili nione mfano. Alisimama mlangoni.

“Mum. Tunahamia huko?”

Akainama, akaokota soksi. “Sufu. Tunakwenda ufukweni au tunapanda mlima?” Akatoa chupa ya vitamini, akatoa nyingine, akatoa ya tatu. “Nani atakula hizi? Samaki?” Kisha akaviona vile viatu, akaviinua, akatazama nambari iliyoandikwa ndani, nambari ya miguu ya bibi yake. Mzaha ukaisha.

Nilimweleza kwamba mama yake mkubwa alikuwa ameyaona masanduku, na alidhani tunakwenda nyumbani.

“Na ulimwambia nini?”

“Kwamba tarehe bado.”

“Hiyo si kweli.”

“Si kweli.”

Yeye huelewa kila neno la Kiswahili na hujibu kwa Kiingereza, na mazungumzo yetu yamekuwa hivyo tangu alipoanza shule. Siku hiyo Kiingereza chake kilikuwa cha upole mno. Nilimweleza na la Oktoba pia, maana lilikuwa limekaa hapo hapo, chini ya lile la kwanza. Hakupaza sauti.

“Mpigie sasa hivi.”

“Siwezi.”

“Kila siku unayokaa kimya anazidi kujiandaa. Unalijua hilo?”

Nilimwambia nalijua. Alipiga magoti, akatoa kila kitu kutoka katika masanduku yale, akavirudisha kabatini vikiwa vimekunjwa vizuri kuliko nilivyovikunja mimi. Kisha akanifungia begi dogo mwenyewe. Nilimtazama akifanya hivyo kama ambavyo ningemtazama mtu akitandika kitanda cha mgonjwa.

Kisiwa kilikuwa kizuri. Nalisema hili kama shahidi anayethibitisha jambo aliloliona. Orodha ya binti yangu ilikuwa sahihi karibu yote: kitani hukunjamana na hakuna anayejali, shati la mikono mirefu linahitajika kila jioni, na nguo moja ya kuogelea haitoshi, kwa kuwa hewa ya kule ni nzito na kitu hakikauki usiku mmoja. Alichosahau ni leso ya kujifunga. Nilijiongezea moja mwenyewe, nayo ilikuwa taulo, ilikuwa kitandio, ilikuwa gauni la kutoka majini hadi chumbani. Siku mbili za kwanza nilivaa nguo ya kuogelea chini ya gauni na sikulivua gauni. Siku ya tatu niliingia majini. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Nilijua kwamba ni ya vuguvugu, lakini ilikuwa kama kuambiwa na mtu mwingine.

Binti yangu alinipiga picha nikitoka.

“Usiiweke popote,” nilimwambia.

“Sikuwa na nia hiyo,” alisema. “Lakini unajisikia unachosema? Unamficha dada yako.”

Ujumbe wa dada yangu ulinifuata hadi chini ya mwavuli wa ufukweni. Tumepaka rangi chumba cha mama, utalala humo. Kisha: Mbuzi yupo. Kisha: Sema tarehe, watu wanauliza. Nilijibu kila ujumbe kwa alama ya mikono miwili iliyoungana kwa sala. Ujumbe wa nne ulikuja siku tuliyokuwa tukirudi. Alisema amewaambia majirani walionisema vibaya siku ya mazishi kwamba sasa wafunge midomo, maana naja. Niliusoma mara mbili. Sikutuma mikono.

Nilirudi kazini Jumatatu. Wenzangu walisema nimepata rangi nzuri. Wiki tatu zilipita hivyo, dada akiuliza na mimi nikisema nasubiri ratiba. Kila nilipopiga simu kumwambia ukweli, sauti yake ilifika ikiwa na furaha, nami nikasema jingine. Ndipo nilipokata shauri kuandika. Mama mmoja wa kanisani kwetu alikuwa akisafiri kwenda Voi, mji ulio chini ya milima yetu, kumwona baba yake. Wasafiri ndio posta yetu ya kuaminika, na barua ikishaingia mkobani mwa mtu huwezi kuifuta. Nilimkabidhi baada ya ibada, ikiwa imefungwa kwa gundi. Niliandika hivi:

*Dada yangu,*

*Sikunyimwa ruhusa mwezi wa Oktoba. Sikuiomba. Siku za likizo nilikuwa nazo, na tiketi ningeipata. Niliogopa kusimama kaburini nisiweze kulia mbele ya watu, na nikakuachia wewe kazi yote na maneno yote ya watu.*

*Masanduku uliyoyaona Februari hayakuwa ya kuja kwenu. Nilikuwa nakwenda kisiwani kupumzika, na nilikwenda. Uliponiuliza tarehe nikiwa huko, nilikuwa nimelala ufukweni. Sikuwa nimepanga kuja, na nilikuacha ukipaka rangi.*

*Bado sijalia. Sikuambii hili ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu usipolijua hutaelewa yaliyobaki, na kwa sababu wewe ndiye uliyesimama pale kaburini bila mimi.*

*Sitakuja kabla sijasikia kutoka kwako. Ukisema nije, nitakuja nikiwa hivi nilivyo, na huenda nisilie. Ukisema nisije, nitaelewa, na sitakuomba mara ya pili. Majirani waambie unavyotaka. Ukitaka kuwaambia kwamba nilidanganya, waambie.*

*Ni mimi, mdogo wako.*