Protini Arobaini na Moja Zilizomngoja Clovis

Matanga yalipokwisha kuondolewa na nguo za Clovis kugawiwa, Séphora, aliyekuwa akifanya naye kazi, alifika lupangoni, yaani uani kwa familia hiyo, mtaani Katuba, na kompyuta kwenye mfuko. Régine, dada aliyemlea Clovis tangu mama yao afariki, alimwekea kiti barazani.

"Yaya Régine," Séphora alisema, akimwita dada mkubwa kama Clovis alivyomwita, "kuko kintu moya ya Clovis hatuyagawa bado."

Kwa miaka minne Clovis na Séphora, pamoja na wenzao wa nchi nyingine, walikuwa wakijenga kwenye mtandao hazina ya taarifa za protini ambazo seli za mamalia huzitoa nje: za binadamu, za ng'ombe, za panya. Clovis alisoma makala za watafiti moja moja, na kila mara alijiuliza: protini hii imetolewa na seli iliyo hai, au imemwagika tu kwa kuwa seli imekufa ikapasuka? Iliyomwagika hakuikubali, hata wenzake wakinuna. Tena kila protini ilisomwa na watu wawili. Msomaji wa pili asipokubali, hakuna aliyeiona nje ya kikundi chao.

"Makumi ine na moya zinangojea Clovis azisome," Séphora alisema. "Chef wa kazi alitaka kuzipatia bengine juma ileile alikufa. Nikamuambia hapana, kwetu vintu ya marehemu hatugawe matanga haiyaisha."

Chola, mume wa Régine, akacheka. "Miaka ine anahesabu jasho ya panya, na leo iko urithi!"

"Nyamaza, Baba Mwansa," Régine alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao, lakini naye alitabasamu. Utani huo Chola alimtupia Clovis kila walipokula bukari, ugali wa kwao, pamoja, na Clovis alicheka kuliko wote.

Séphora akamgeuzia Régine kompyuta. Mstari baada ya mstari: jina la protini, kisha maneno "Anangojewa Clovis Ntumba." Régine akapitisha kidole taratibu. Miezi miwili sasa, kwenye misa, alikuwa akimwombea raha ya milele na kuitikia amina kama wengine. Lakini hapa, mahali pekee duniani, ndugu yake alikuwa bado anangojewa, kana kwamba ametoka kidogo tu kwenda mtaa wa Kampemba. Alitamani mno jina hilo libaki.

"Uniachie moya. Moya tu, Séphora."

"Naweza, yaya. Lakini hapana mutu ataiona."

"Hii ya mwisho iko ya nini?"

"Inatoka mu maini. Inasaidia damu kuganda."

"Nani aliisoma kwanza?"

"Miye."

Régine akaondoa kidole kwenye kioo. Hivyo kazi ya binti huyu nayo ilikuwa imefungiwa miezi miwili kwa heshima ya msiba wao. Pengine kulikuwa na daktari mahali fulani anayeitafuta protini hiyo bila kuiona. Clovis asingekubali izuiwe hivyo. Régine akafanya ishara ya msalaba.

"Gawa."

Séphora akazitaja kwa majina, na kwa kila moja Régine aliitikia "ndiyo," kama walivyogawa mashati. Kila alipoitikia, jina la Clovis liliondoka kwenye mstari mmoja. Ya mwisho aliomba abonyeze mwenyewe. Jina lingine likatokea.

"Huyu ni nani?"

"Keren. Iko Kinshasa."

"Umuambie asisome mbiombio," Régine alisema, macho yakiwa palepale, juu ya jina la mtu asiyemjua.