Vifundo kwenye Mizizi ya Mtende

Juzi, hapa Kisian, bwana shamba aling'oa mche wangu wa mtende ulionyauka. Mizizi ilikuwa na vifundo vingi.

"Ni minyoo ya udongo, Mama," akasema. "Midogo hata macho hayaioni."

Harufu ya ule udongo ilinirudisha kwenye alasiri moja ya utotoni. Mtende wetu mchanga ulikuwa umekauka vilevile, na mama yangu akataka kujua nani aliusifu. Nikamtaja shangazi Akinyi, aliyenisuka kila Jumamosi.

"Ana jicho baya huyo," mama akasema.

Nikaona shangazi amenisaliti. Alipokuja na kitana chake nilijifungia ndani. Akaniita mara tatu, kisha nikasikia malapa yake yakienda polepole. Hakurudi tena kunisuka.

Kosa lake lilikuwa moja tu: alisema mtende wetu umependeza.