Swali la Baba Kuhusu Malisho

Iko siku moja ya mkutano wa kijiji, mwanangu, ambayo nikiikumbuka natamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimetoka chuo cha mifugo Mpwapwa, suruali imepigwa pasi, najiona mtu. Ilikuwa miaka ile biashara ya mazao ilipofunguliwa kwa watu binafsi, wafanyabiashara wakizunguka vijijini na malori kutafuta alizeti, na kila mmoja akitamani shamba jipya.

Wilaya ilinituma kijijini kwetu na jambo jema. Bonde letu la malisho, tegemeo la ng'ombe wakati wa kiangazi, lisilimwe kamwe. Kijiji kikikubali na kutia sahihi, serikali ingetoa fedha kila mwaka za josho la kuogeshea ng'ombe na kisima, iwe fidia ya mashamba tuliyojinyima. Ardhi ingebaki yetu. Hilo ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote, na ndilo ambalo sikulisema.

Baba yangu akasimama. Zamani serikali ilipotuhamishia kwa nguvu kwenye vijiji vya ujamaa, alivunjiwa nyumba, akaacha nyuma makaburi ya wazazi wake. Akauliza kwa upole, "Bwana mifugo, hizo hela tukishazila, bonde litakuwa la nani?" Aliniita hivyo, mimi mwanawe, kwa kuheshimu kazi yangu.

Nikaona ananiaibisha mbele ya watu. "Mzee, haya ni mambo ya kitaalamu," nikamwambia. "Wewe tia sahihi tu."

Akakaa. Watu wakaguna. Mwenyekiti alipouliza nani anakubali, hakuna aliyenyoosha mkono. Fedha zikaenda kijiji kingine.

Mvua zilipoanza, bonde lote likalimwa. Alizeti ilitupa misimu michache mizuri, sikatai, watu wakaezeka mabati. Kisha udongo ukachoka, upepo ukawa unauchukua. Kiangazi kimoja baba akaswaga ng'ombe wake kwenda mbali kutafuta majani, wakafia njiani karibu wote. Hakunilaumu hata siku moja. Nami kwa kiburi sikumwomba radhi mpaka tukamzika, na hilo linaniuma kuliko bonde lenyewe.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitumwa kwa watu na jambo jema, usikimbilie kulisifia. Anza na hofu yao, hata kama unaiona ya kizamani. Waliohamishwa kwa nguvu jana wana haki ya kuuliza leo, tena hata mara mbili. Na anayeuliza akiwa mzazi wako, weka cheo chini umjibu kama mtoto wake.

Mungu akupe ulimi mpole, na akujalie kumjibu baba yako angali anakusikia.