Samaki wa Falaj Aliotuachia Mwalimu Zuwena

Mpaka sasa sijaamini, na nimechoka hata kuamini. Zuwena, mwalimu wetu wa baiolojia hapa Izki, mwenzangu wa miaka kumi na mbili, ametutoka jana alfajiri. Moyo, wamesema. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kwa wasiotujua: yeye akifundisha, mimi nikimtayarishia lab. Kila mwaka tulichota samaki wadogo wa falaj, ule mfereji wa maji ya mashamba, wanafunzi wawaone, na shule zikikaribia kufungwa tukawarejesha pamoja. Hiyo ilikuwa ada yetu.

Mwaka mmoja tuliwapeleka watoto kwenye pango la mlimani. Tukaona samaki wa jamii ileile, weupe, hawana macho. Niliporudi nikalifunika tangi letu kwa abaya kuukuu muhula mzima, nione kama na wetu watapofuka.

Zuwena alipoifunua alicheka mpaka akakaa chini. "Mwenzangu, kiza hakimpofui samaki. Anazaliwa mmoja na macho mabovu. Huku nje ataliwa, kule pangoni hapati hasara, anazaa, na wanawe wanazaa. Wewe umewapa muhula mmoja, wallahi hata lesson plan yangu haijesha."

Alikuwa na subira hiyo. Akiokota jiwe la mlimani lenye alama ya kombe huwaambia watoto, "Hapa palikuwa bahari," kisha huwaachia wawaze wenyewe. Mabadiliko makubwa, akisema, ni madogo yaliyopewa muda.

Wiki iliyopita aliniambia twende tukawarejeshe samaki. Nikamwambia nimechoka. Juzi akaniambia tena, nikasema nimechoka, wiki ijayo inshallah.

"Haya habibti, pumzika. Samaki hawana haraka."

Hilo neno linaniuma.

Jana baada ya alasiri wanaume walilichukua jeneza. Sisi wanawake hatuendi makaburini. Nilikaa na mama yake, nikamimina kahawa, nikashindwa kukaa. Nikaenda shule kuwachota samaki kwa ndoo.

Niliwamimina peke yangu, palepale petu. Walizunguka kidogo juani, kisha wakaingia wote kwenye sehemu ya falaj iliyofunikwa, kizani. Nilikaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi.

Nisamehe, Zuwena. Nilidhani na sisi tuna muda kama wa samaki wako.

Lala salama, mwalimu. Kule kwenye kiza ulikotangulia, Allah akutilie nuru.