Mgeni Nyumbani kwa Bibi Yake

Kila siku ya mazoezi, Yunisi Namwinga hufika kazini kabla hajaondoka nyumbani.

Si uchawi. Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, beki huyu wa miaka ishirini na mmoja anafunga geti la bati la nyumba yao mjini Tunduma, njumu zikiwa ndani ya mfuko wa rambo. Anapita kando ya foleni ya malori, hati yake inagongwa muhuri mpakani, na dakika ishirini baadaye yuko Nakonde, Zambia, ambako saa ziko nyuma kwa saa moja. Kule ndiyo kwanza saa kumi na moja na dakika arobaini. Mazoezi ya timu yake ya wanawake, Insaka Queens, yanaanza saa kumi na mbili kamili.

"Profeshno, Ulaya leo kuna baridi?" anamtania mbadilisha fedha aliyekwisha kuweka kiti chake kandokando ya barabara.

"Ipo, kaka. Nikuletee koti?" anajibu bila kusimama.

Ameuzoea utani huo. Mtaani wanasema ndiye mchezaji pekee wa kulipwa nje ya nchi anayerudi kwao kula ugali wa mchana. Lakini mkataba ni mkataba. Yunisi, anayecheza namba tatu, beki wa kushoto, analipwa kwacha elfu mbili na mia tano kwa mwezi, kama shilingi laki mbili na nusu hadi tatu, kutegemea kwacha imeamkaje. Msimu huu mkataba huo uko hatarini, na kilichotaka kumwokoa kilimgombanisha na bibi yake.

Mwanzoni mwa mwaka, uongozi wa timu ulitangaza kwamba utasajili wageni wawili tu. Waliokuwapo ni watatu: kipa kutoka Malawi, mshambuliaji kutoka Kongo, na Yunisi.

Kocha Watson, mtu mpole anayechanganya Kibemba na Kiswahili cha sokoni, alimwita pembeni. "Nilimuuliza, dada, kwenu hakuna hata mtu mmoja wa huku?" anakumbuka. "Akacheka. Akasema bibi yake anakaa nyuma ya goli letu."

Ni kweli. Bibi Enesi, mzaa mama, nyumba yake iko hatua chache kutoka uwanjani. Kabila lao, Wanamwanga, wako pande zote mbili, na mpaka uliwakuta hapo hapo. Tena bibi alikuwa na zaidi ya undugu. Ndani ya Biblia yake alikuwa ametunza kadi ya kliniki ya Nakonde yenye jina la Yunisi.

Mama yake Yunisi, Elizabeti, anauza mchele wa Kamsamba katika soko la Tunduma. Anapoulizwa habari ya kadi hiyo, anacheka kwanza, kisha anajifunika uso kwa khanga.

"Nilikwenda kumsalimia mama, mimba ya miezi minane. Uchungu ukanikamata huko huko," anasema. "Siku ya tano nikarudi na mtoto. Walipoandika cheti wakaniuliza kazaliwa wapi, nikasema Tunduma. Ningesema Nakonde maswali yangefika jioni, na mchele niliuacha sokoni peke yake."

Hivyo karatasi ya Tanzania ilikuwa na kauongo kadogo, na ya Zambia ndiyo iliyosema kweli. Familia imeshapeleka maombi cheti kirekebishwe.

Kwa kadi ile na jina la bibi, timu ilikuwa tayari kumsaidia Yunisi kuomba uraia wa Zambia. Angetoka kwenye hesabu ya wageni, na mkataba ungebaki. Bibi Enesi alifurahi mno. Alikwisha kuwaambia majirani kwamba mjukuu wake anarudi kwao.

Yunisi aliomba siku tatu za kufikiri.

Jambo moja lilimkwama rohoni. Miaka minne iliyopita aliitwa kambi ya timu ya taifa ya wasichana ya Tanzania, akakaa siku kumi. Hakucheza hata dakika moja. Kambi ilipovunjwa, wachezaji walitakiwa kurudisha jezi za mazoezi.

"Wengine walirudisha zikiwa na jasho," anasema, macho chini. "Mimi yangu niliifua, nikaianika, nikaikunja. Nilitaka wakinikumbuka wanikumbuke vizuri. Nawasubiri waniite tena." Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Angechukua ule, mlango huu angeufunga kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya nne alimrudishia bibi kadi yake.

"Kwa hiyo kwangu wewe ni mgeni?" bibi alimuuliza.

Yunisi aliaga, akaondoka. Anakiri kwamba alilia njia nzima, hadi askari wa mpakani akadhani ameibiwa. Wiki mbili zilizofuata, visashi, zile mboga za karanga alizozoea kuwekewa baada ya mazoezi, havikuwekwa. Alipita mlangoni kwa bibi, akasalimia, akaitikiwa kwa ufupi. Kukanyagwa na mshambuliaji kunauma, lakini hakukoseshi usingizi.

Watson naye hakumbembeleza. "Nilimwambia, sawa, wewe ni mgeni. Basi shindana na wageni. Mechi tatu za kirafiki, wawili wanabaki."

Jumamosi hii ni mechi ya pili. Timu imegawanywa, na Yunisi amepewa kazi ya kumkaba Mkongomani yule yule anayegombea naye nafasi. Dakika ya thelathini anajitelezesha, anaupokonya mpira mguuni mwa mpinzani wake bila kumgusa, anainuka nao na kuupiga mbele.

Ndipo sauti inatoka nyuma ya goli. Bibi Enesi, aliyejifunza Kiswahili kwa miaka mingi ya kuuza karanga Tunduma, amesimama na bakuli lililofunikwa kwa sahani.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" anapaza sauti. Uwanja mzima unacheka. Yunisi anajipangusa uso kwa fulana, na si jasho tu analolipangusa.

Baadaye, akifungua kamba za njumu, anaeleza mipango yake kwa maneno machache. Anaitaka nafasi moja kati ya zile mbili. Akiikosa, atatafuta timu Mbeya, hata ya malipo kidogo, mradi aendelee kuonekana. "Wakiniita kambini, nitamwomba bibi avuke mpaka aje kunitazama," anasema. "Siku hiyo mgeni atakuwa yeye."

Bibi anasikia, anaguna, halafu anasogea kwenye benchi na kufunua bakuli. Chakula ni cha watu wawili.